Kimbia mwendo wa shikamoo

Hebu jiulize, msomaji wangu: mara ya mwisho ulikimbia lini? Sizungumzii kukimbilia daladala, wala kumfukuza kuku wa sikukuu. Nazungumzia kuvaa raba, kutoka nje asubuhi na kukimbia tu, hufukuzwi na mtu wala humfukuzi mtu. Kama jibu lako ni "tangu mchakamchaka wa shule ya msingi", basi karibu, tuko wengi. Mimi nilikuwa hivyo hivyo mpaka Juni 2025, nikiwa na miaka 38, watoto wawili na pumzi ya kuku wa kisasa.

Naishi Getanuwas, wilayani Hanang, mkoa wa Manyara. Tulihamia huku mwaka 2022 mume wangu alipopata uhamisho. Kabla ya hapo nilikuwa mtoto wa Dar, wa kupanda bajaji hata kwenda gengeni. Huku ni nchi ya mashamba, ng'ombe na upepo. Juni asubuhi baridi inakung'ata mpaka unatamani kurudi blanketini kabla hujamaliza kufunga kamba za viatu.

Kilichonitoa blanketini si mzuka wa michezo. Ni woga. Nilimpeleka mwanangu zahanati na kikohozi, tabibu akanipima na mimi, eti kwa kuwa nipo pale pale. Presha 146 kwa 92. Nikapumzika kidogo, akapima tena, bado ipo juu. Nikarudi siku nyingine mbili, hadithi ile ile. Akaniambia nipunguze chumvi, nitoe jasho, nirudi kila mwezi, na kama haishuki tutazungumza habari za dawa.

Mama yangu alifariki kwa kiharusi akiwa na miaka 54. Njiani kurudi nyumbani nilikuwa napiga hesabu kichwani: 54 toa 38.

"Kuna nini huko?"

Siku ya kwanza nilitoka mkuku kama mwizi. Nikajiambia nitakimbia nguzo kumi za umeme. Nguzo ya tatu nikaona nyota mchana. Ya nne nikatapika chai. Kesho yake sikuweza kuchuchumaa, na mwisho wa wiki mifupa ya mbele ya miguu ilikuwa inauma hata nikipanda ngazi mbili za baraza.

Hapo niseme kitu ambacho laiti ningeambiwa mapema. Moyo na mapafu huzoea mazoezi haraka, ndani ya wiki chache unaona tofauti. Mifupa na kano zinataka miezi. Ndiyo maana anayeanza akifuata pumzi zake tu anajiumiza: pumzi zinasema twende, miguu haijawa tayari. Na kwa mtu aliyetoka pwani kama mimi, hewa ya huku juu ni nyepesi, kwa hiyo hata hizo pumzi zenyewe zinakugomea mwanzoni.

Lakini maumivu hayakuwa tatizo langu kubwa. Tatizo lilikuwa watu. Kijijini mtu mzima akikimbia maana yake kuna msiba, moto au mwizi. Asubuhi ile ya kwanza mama mmoja alitua ndoo yake ya maji akaanza kunifuata mbio, khanga mkononi, huku anauliza: "Kuna nini huko? Kuna nini?" Nikasimama nikamwambia hakuna kitu, nafanya mazoezi. Aliniangalia kuanzia raba mpaka kichwani, akarudi kwenye ndoo yake bila neno. Nilitamani ardhi ipasuke.

Jioni ya siku ya tatu mume wangu akaweka kijiko chini.

"Mama watoto, watu wananiuliza kama nimekupiga."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akasema yeye ni mtumishi wa serikali, ana heshima yake, mke wake hawezi kuonekana anatimua mbio barabarani na traksuti. "Fanya mazoezi ya ndani basi." Tukagombana, na ulikuwa ule ugomvi wa kunong'onezana ili watoto wasisikie. Nikanunua kamba ya kuruka, nikaruka uani siku sita. Siku ya saba nikaitundika msumarini, ikakaa pale wiki mbili. Kila nikiiona najisikia vibaya, na kila nikijisikia vibaya nakunywa chai na maandazi mawili.

Ajabu ya mambo, yote haya yananitokea kwenye nchi ya wakimbiaji. Mbulu, jirani zetu, ndiko alikotoka John Stephen Akhwari. Gabriel Geay naye ni wa Mbulu, na Desemba 2022 alikimbia marathoni ya Valencia kwa saa 2:03:00, rekodi ya taifa. Gidamis Shahanga, aliyechukua dhahabu ya marathoni kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola Edmonton mwaka 1978, kisha dhahabu ya mita 10,000 Brisbane mwaka 1982, ni wa Hanang hii hii. Sasa kwa nini mama wa watoto wawili akikimbia inakuwa kioja? Nadhani ni kwa sababu huku mbio zina sababu zake: ama unawahi jambo, ama wewe ni mwanariadha unayetafuta medali. Mama anayekimbia halafu anarudi kwenye mlango ule ule alikotokea, huyo hana fungu lake.

Mzee wa jua la asubuhi

Aliyenirudisha barabarani ni mzee mmoja ambaye hukaa kwenye kigoda nje ya boma lake anaota jua. Siku hiyo nilikuwa natembea haraka haraka kwenda dukani, nikaona njia nyeupe haina mtu, nikajaribu kukimbia. Nilipomfikia nikashindwa kumpita hivi hivi. Nikasimama, natweta.

"Shi... shikamoo mzee."

"Marahaba. Unakimbia nini, mwanangu?"

"Nakimbia presha, mzee."

Akanitazama kitambo. "Kama unakimbia presha, mbona unakimbia kwa presha?"

Nikaondoka nacheka mwenyewe kama chizi. Lakini neno lile lilinikaa. Na kwa kuwa huku huwezi kumpita mtu mzima bila kumsalimia, nikajiwekea sheria, na ndiyo siri yangu yote: mwendo wangu ni ule unaoniruhusu kutoa shikamoo kamili. Tena si neno lile moja tu. Maana ukishatoa shikamoo unaulizwa umeamkaje, watoto hawajambo, baba yao yupo, mvua kwenu imefika? Kama huwezi kujibu yote hayo bila kukata maneno katikati, unakwenda kasi mno. Walimu wa mbio wana kipimo hicho hicho cha kuzungumza wakati unakimbia, ila wao wanakwambia uongee na mwenzako. Mimi sikuwa na mwenzangu. Nilikuwa na wazee wa njia nzima.

Nikaanza upya kwa dakika moja ya kukimbia na mbili za kutembea, mara nane, Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Basi. Mpango wa namna hii si wangu. Mwaka 1996 kijana mmoja wa Marekani, Josh Clark, alitengeneza ratiba ya wiki tisa ya kumtoa mtu kwenye kochi hadi kukimbia kilomita tano, na aliyekuwa anamfikiria ni mama yake, mwanamke wa miaka hamsini na kitu. Nilipenda sana kusikia hivyo. Wiki zake tisa kwangu zilikuwa kumi na saba. Wiki ya nne niliirudia mara tatu, na hakuna aliyekuja kunikamata.

Hesabu niliyoificha

Hata hivyo bado kulikuwa na bwana mkubwa nyumbani. Wiki mbili nilikuwa natoka yeye akiwa bado amelala na kurudi kimya kimya kama ninayetoka kwa hawara. Si maisha hayo. Usiku mmoja watoto wamelala, nikamwambia ile hesabu: mama alikuwa na 54, mimi nina 38. Nikamwambia presha yangu ilivyosoma. Unajua sikuwa nimemwambia? Nilimweleza habari za mazoezi, ratiba, raba, kila kitu isipokuwa kwamba naogopa.

Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Kumbe ndiyo hivyo. Ungesema." Hakuniomba msamaha, na sikumdai. Ila kuanzia hapo watu wakimuuliza mkeo anakimbia nini, anajibu mwenyewe: "Presha." Jibu hilo lilifanya kazi kuliko nilivyotegemea, kwa sababu nusu ya waliouliza wana presha au wana mtu nyumbani mwenye presha. Yule mama wa ndoo alikuja mwenyewe jioni moja kuniuliza kama na wa miaka 50 anaweza. Sasa tuko watatu Jumamosi. Mmoja hakimbii kabisa, anatembea na khanga yake imefungwa kiunoni, na mara nyingi ndiye anayetugongea madirisha.

Dada zangu, kama unamficha mwenzio, usimpe ratiba. Mwambie unachoogopa. Kama ni mtu wa maana ataelewa, na kama si mtu wa maana, hilo nalo ni vizuri kulijua mapema.

Kuhusu mavazi sitasema mengi. Mwanzoni nilivaa gauni la kitenge juu ya traksuti, na sikuona aibu, lengo lilikuwa kukimbia, si kubishana. Raba nilinunua ya mtumba mnadani: ikunje uone soli haijakauka, na mbele ya kidole kirefu pabaki nafasi ya upana wa kidole gumba. Pesa inayobaki nunua sidiria ya michezo inayokubana vizuri. Hiyo usibane matumizi, utanishukuru.

Siku niliyojiona Simbu

Asubuhi ya tarehe 15 Septemba 2025 kila simu ilikuwa na video moja. Alphonce Simbu, mtoto wa Singida hapo jirani, alikuwa ameshinda marathoni ya dunia kule Tokyo, dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo. Yeye na Mjerumani Amanal Petros walipewa muda ule ule, 2:09:48, na kilichowatenganisha ni sekunde 0.03. Nilipiga kelele mpaka mtoto akamwaga uji.

Kesho yake, Jumanne, nikatoka kama Simbu. Sikumsalimia mtu. Nguzo ya sita kitu kikanivuta nyuma ya mguu, tii, nikarudi nyumbani nachechemea. Siku kumi sikukimbia.

Katika siku hizo ndipo nikarudi kusoma habari za Akhwari. Mexico City, mwaka 1968. Marathoni ilianza na watu 75. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa 2:20:26. Akhwari alikuwa ameanguka njiani akaumia goti na bega, akaingia uwanjani giza limeshaingia, mguu umefungwa bandeji, zaidi ya saa nzima baada ya mshindi: 3:25:27, mtu wa 57 kati ya 57 waliomaliza. Alichowajibu waandishi baadaye, kwamba nchi yake haikumtuma kuanza mbio bali kuzimaliza, umeshakisikia kwenye kila semina, kwa hiyo nakiacha hapo. Mimi kilichonishika ni jambo ambalo halisemwi sana. Miaka miwili baadaye, 1970, alikwenda Edinburgh kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola akawa wa tano, kwa saa 2 na dakika 15. Yaani baada ya ile siku ambayo dunia nzima inamkumbuka, alirudi nyumbani, mguu ukapona, akaendelea na mazoezi. Hakuna aliyepiga picha asubuhi zile.

Novemba mvua zilianza na kila mtu akaingia shambani, mimi nikiwemo. Nikakimbia mara mbili mwezi mzima. Zamani ningesema basi, nimeshindwa. Ila nilikuwa nimesoma utafiti wa chuo kikuu kimoja cha London, University College, uliochapishwa 2010. Waliwafuatilia watu waliokuwa wanajijengea tabia mpya, wakaona mtu wa kati alihitaji siku 66 mpaka tabia iwe inajiendesha yenyewe. Wengine walitumia siku 18, na kwa wengine makadirio yalifika siku 254. Na kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Mimi niliruka nyingi kuliko moja, sikatai. Januari nikarudi kwenye dakika mbili kukimbia, moja kutembea, na baada ya wiki tatu nikawa nimefika nilipoishia.

Sasa nakimbia dakika 35 bila kusimama, isipokuwa kwa salamu. Presha yangu Januari ilisoma 131 kwa 84. Siwezi kukudanganya kwamba ni mbio tu. Chumvi nayo niliikata kweli kweli, na tabibu amenionya nisiache kupima. Uzito? Umepungua kilo mbili, na nguo zangu bado ni zile zile. Kama ningekuwa nakimbia kwa ajili ya kilo, ningeshaacha Oktoba.

Jumanne iliyopita kulikuwa na ukungu na mimi nilikuwa sina hamu hata chembe. Nikavuta blanketi. Mume wangu, ambaye hajawahi kukimbia hata hatua kumi tangu nimfahamu, akanigusa bega.

"Mama watoto, jana nilimkuta yule mzee wa kigoda. Anasema Jumamosi hukumpitia."

"Nilipita njia nyingine."

"Basi mweleze mwenyewe," akasema, akageukia ukutani. "Maji ya kuoga nitaweka jikoni."

Nikaanza kutafuta soksi gizani.