Saa ya mashine pepe

Saa ya mashine pepe ni saa inayotumiwa na kompyuta isiyo na umbo lake, yaani ile inayoigizwa na programu ndani ya kompyuta halisi. Kompyuta halisi huitwa mwenyeji, na mfumo wa uendeshaji uliomo ndani ya mashine pepe huitwa mgeni. Programu hiyo ikipandishwa hadi toleo jipya, mara nyingine mgeni huonyesha saa isiyo sahihi ingawa saa ya mwenyeji haina kasoro.

Chanzo

Kompyuta ya kawaida ina saa ndogo yenye betri, ambayo huendelea kuhesabu hata umeme ukizimwa. Mashine pepe haina betri. Programu huiigiza saa hiyo kwa kufuata saa ya mwenyeji. Tatizo ni kwamba saa hiyo hutaja tarehe na saa tu, bila kusema ni za kanda muda gani. Windows kwa kawaida huichukulia kuwa saa ya mahali, ilhali Linux huichukulia kuwa UTC, yaani wakati sanifu wa dunia. Kwa hiyo programu lazima ielekezwe impe mgeni ipi. VirtualBox ina kisanduku cha kuteua kwa ajili hiyo; katika QEMU chaguo ni "-rtc base=utc" au "-rtc base=localtime".

Mpangilio huo unaweza kupotea mashine inapoundwa upya kwenye toleo jipya kwa kutumia diski ya zamani, au aina ya mfumo wa mgeni ikitajwa vibaya. Nchini Kenya, Tanzania na Uganda, ambako saa iko mbele ya UTC kwa saa 3, kosa hili lina alama yake: Windows iliyopewa UTC hubaki nyuma kwa saa 3 kamili, na Linux iliyopewa saa ya mahali hutangulia kwa saa 3. Tofauti isiyo ya saa kamili, kwa mfano dakika 17, ina chanzo kingine. Huenda mashine ilisitishwa kisha ikaamshwa bila saa yake kusahihishwa. Anayepokea malalamiko kwa simu aulize tarakimu zilizo kwenye skrini, maana "saa tatu asubuhi" ya Kiswahili ni 09:00 ya kompyuta.

Utambuzi

Kabla ya kugusa chochote ni vizuri kulinganisha UTC ya mgeni na ya mwenyeji. Katika Linux amri ni "date -u". UTC zikilingana, saa yenyewe ni nzima na kosa liko kwenye kanda muda; amri "timedatectl set-timezone Africa/Nairobi" inatosha. Wakati mwingine jina la kanda ni sahihi lakini data zake ni za zamani. Sudan Kusini ilihama kutoka UTC+3 kwenda UTC+2 tarehe 1 Februari 2021, na mgeni ambaye hajasasishwa tangu hapo huitangulia Juba kwa saa 1.

UTC zikitofautiana, kosa liko kwenye saa.

Marekebisho

Wengi hubadilisha kanda muda mpaka skrini ionyeshe saa inayotakiwa. Hiyo ni kuficha kosa, kwa kuwa UTC ya ndani hubaki na makosa ya saa 3. Mashine iliyo nyuma hukataa cheti cha usalama kilichotolewa muda mfupi uliopita, ikidai bado hakijaanza kutumika. Kerberos, inayotumika katika Active Directory, kwa kawaida hairuhusu tofauti inayozidi dakika 5, hivyo watumiaji hushindwa kuingia.

Kungoja saa ijirekebishe kupitia mtandao nako hakuaminiki. Programu ya ntpd, kwa mpangilio wake wa kawaida, hujizima ikikuta tofauti inayozidi sekunde 1,000, na saa 3 ni sekunde 10,800.

Njia sahihi ni kuzima mashine kabisa, si kuisitisha, kisha kurekebisha mpangilio wa saa yake kwenye programu na kuiwasha tena. Ikiwa saa itarudi nyuma, huduma za hifadhidata zisianze kabla saa haijathibitishwa, la sivyo rekodi mpya zitabeba muda wa kabla ya zile zilizokwisha kuandikwa. Zana za mgeni nazo zipandishwe hadi toleo linaloendana na programu. Mwishowe achaguliwe msimamizi mmoja wa saa, ama zana hizo ama NTP, kwa sababu viwili vikifanya kazi pamoja huweza kuvutana.