Amefaulu Vyema: Je, Aurudie Mtihani?

Kila mwaka, matokeo ya Mtihani wa Serikali yakiisha kutangazwa, vigelegele husikika katika vijiji vyetu vya pwani ya Tanganyika, toka Nundu mpaka Mboko na Baraka. Waliofaulu hupakwa poda nyeupe kichwani, na mama zao hucheza njiani. Ni furaha ya haki, nasi twafurahi pamoja nao. Lakini poda ikiisha kuoshwa, wako vijana wajiulizao: “Nimepata asilimia 64. Je, nirudie mwaka ujao, nipate 70?” Wasomaji wapenzi, swali hilo lastahili kufikiriwa kwa makini, maana lahusu mwaka mzima wa kijana na jasho la jamaa yake.

Mtihani huo ulianzishwa mwaka 1967, nao hufanywa na wanafunzi wa Kongo nzima wamalizapo sekondari. Apataye asilimia 50 amefaulu. Lakini asilimia yake huandikwa juu ya diploma, nayo humfuata kila aendako. Ndiyo asili ya mashaka.

Kwanza, kijana na aulize: ni mlango gani uliofungwa mbele yangu? Tuseme anatamani uganga, awahudumie wagonjwa kama wale wanaojaa katika hospitali ya Nundu. Basi, kabla ya kurudia chochote, apate habari za hakika kutoka chuo chenyewe, kama vile Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Bukavu, kilichoanzishwa mwaka 1989. Vyuo vingine hutaka asilimia maalum. Vingine huwapima waombaji kwa mtihani wao wenyewe. Ikiwa asilimia 64 yatosha kuomba nafasi, kurudia ni kubisha hodi penye mlango ulio wazi. Heri atumie miezi hiyo kujitayarisha kwa mtihani wa chuo. Lakini ikiwa chuo chataka zaidi, au ikiwa ugonjwa ulimdhoofisha siku za mtihani, hapo ana sababu ya kweli. Naye amwulize Prefe wa shule kanuni za kurudia.

Pili, apime gharama. Minervali hutoka katika mihogo iliyolimwa na mama na ndagala waliovuliwa na baba usiku kucha. Nyuma yake wako wadogo wangojao zamu yao. Tena katika Fizi twajua thamani ya mwaka. Vita vilipozuka mwaka 1996, jamaa nyingi zilivuka ziwa kwenda Kigoma, na watoto wengi wakaacha vitabu vyao nyuma. Hao walinyang’anywa miaka yao kwa nguvu. Je, sisi tutautupa mwaka wetu kwa hiari, kwa ajili ya nambari tu?

Tatu, auchunguze moyo wake. Bwana wetu alitoa mfano wa talanta. Twakumbuka vizuri yule mtumishi aliyefukia talanta yake ardhini. Tena twamsifu yule aliyepewa tano. Lakini twamsahau wa kati, aliyepewa mbili akaleta nne. Bwana wake alimpa sifa ile ile, wala hakumwambia arudi sokoni mpaka afikishe kumi kama mwenzake. Kijana anayetaka kurudia kwa sababu tu jirani yake alipata 71, huyo haongozwi na wito, bali na wivu. Nanyi wazazi, msimsukume mtoto arudie ili mpate kujisifu mbele ya kanisa baada ya Misa.

Hatusemi kwamba kurudia ni kosa. Arudiaye kwa sababu ya kweli, na kwa ruhusa ya jamaa yake, anastahili kutiwa moyo, wala asichekwe. Twasema tu kwamba mtihani ni mtumbwi: kazi yake ni kuvusha. Aliyekwisha kufika ng’ambo hashindi pwani akiusugua mtumbwi ung’ae. Hushuka, akashika njia yake.

Basi, kijana, keti pamoja na wazazi wako, mwalimu wako na Padre Paroko. Sali kwa Mama Maria, Kikao cha Hekima. Kisha kata shauri, wala usigeuke nyuma. Wagonjwa wa Nundu hawatakuuliza kama ulipata 64 au 70. Watakuuliza kama unajua kazi yako, na kama una huruma.