KATIKA DUKA LA USHIRIKA, NANI APIGE KURA NGAPI?



Duka la ushirika linapoanzishwa kiwandani au shambani, watu wote husikilizana. Kila mtu hutoa hisa yake, rafu hujaa unga, sukari, sabuni na mafuta, na hakuna anayeuliza habari za kura. Ugomvi huanza siku duka linapopata faida. Hapo mwenye hisa nyingi husimama mkutanoni na kusema: "Mimi nimetia shilingi elfu mbili, huyu ametia mia moja. Itakuwaje kura zetu ziwe sawa?"

Maneno haya huwaingia watu, maana yanafanana na haki. Yafaa tuyapime kabla ya kuyapigia makofi.

WALIOTANGULIA

Mwaka 1844, katika mji wa viwanda wa Rochdale, Uingereza, kikundi cha wafanyakazi, wengine wao wafumaji wa nguo, kiliungana kufungua duka. Mishahara ilikuwa midogo, na wenye maduka wengi waliuza vyakula vilivyochanganywa na takataka, kwa mizani ya kupunja. Wafanyakazi hao waliweka akiba kidogo kidogo mpaka wakapata mtaji wa paundi 28. Tarehe 21 Desemba 1844 walifungua duka lao, wakauza siagi, sukari, unga na mishumaa.

Walikubaliana mambo matatu. Kwanza, kila mwanachama awe na kura moja tu, hata kama ana hisa nyingi. Pili, fedha za hisa zilipwe riba yenye kikomo. Tatu, faida inayobaki igawanywe kwa kadiri kila mtu alivyonunua dukani. Wanawake nao walikubaliwa kuwa wanachama. Wakati ule wafanyakazi wengi wa Uingereza hawakuwa na kura ya bunge, na wanawake hawakuipata mpaka 1918. Dukani walikuwa na kura ambayo serikali yao ilikuwa haijawapa.

Chama cha Kimataifa cha Ushirika, kilichoundwa mwaka 1895, kilirudia neno hilo katika kanuni zake za 1966 na za 1995: katika chama cha msingi, mwanachama mmoja, kura moja. Sheria za ushirika za Kenya, Uganda na Tanzania nazo zimejengwa juu ya kanuni hiyo.

TUPIGE HESABU

Tuseme duka lina wanachama 200, na hisa moja ni shilingi 100. Wafanyakazi 190 wana hisa moja moja, yaani hisa 190. Manyapara na makarani 10 wana hisa 20 kila mmoja, yaani hisa 200. Ikiwa kila hisa ni kura, watu 10 wana kura 200, na watu 190 wana kura 190. Hao 10 wakipatana usiku, mkutano wa kesho umekwisha kabla haujaanza.

Watafanya nini na nguvu hiyo? Tuseme kila mwanachama amenunua vitu vya shilingi 3,900 kwa mwaka, na baada ya gharama, akiba na riba, imebaki faida ya shilingi 39,000. Ikigawanywa kwa manunuzi, kila mtu atapata senti 5 kwa kila shilingi aliyonunua, yaani shilingi 195. Lakini wenye hisa nyingi wanaweza kupitisha kwamba igawanywe kwa hisa. Hapo mwenye hisa moja atapata shilingi 100, na mwenye hisa 20 atapata 2,000. Mwaka unaofuata watataka bei ya unga ipande ili faida iongezeke. Duka litakuwa limegeuka duka la tajiri, na mfanyakazi atakuwa mteja tu.

Je, aliyetia fedha nyingi amedhulumiwa? Hapana. Fedha zake zinapata riba yake. Akinunua, anapata mgao kama wenzake. Asichopata ni ruhusa ya kuwatawala wenzake. Na kwa kibarua, ile shilingi mia moja pengine ni jasho la siku nyingi kuliko elfu mbili za mwenye mshahara mkubwa.

Wengine husema: basi kura zifuate manunuzi. Hilo nalo halifai. Atakayenunua kwa wingi pengine ni mchuuzi anayechukua magunia kwenda kuyauza kijijini kwake. Atatawala duka, na mjane anayenunua kibaba hatasikika. Manunuzi yapimiwe mgao, si kura.

KURA SAWA PEKE YAKE HAITOSHI

Wanaushirika wa Rochdale wenyewe walipata funzo chungu. Mwaka 1854 walianzisha kiwanda cha pamba cha ushirika, ambamo wafanyakazi walipewa sehemu ya faida. Kiwanda kikastawi, na watu wengi wasiofanya kazi humo wakanunua hisa kwa kutafuta faida. Mwaka 1862 hao walikuwa wengi zaidi, wakapiga kura kuiondoa ile sehemu ya wafanyakazi.

Kwa hiyo tuulize pia: mwanachama ni nani? Katika duka la ushirika, mwanachama awe mtu anayenunua humo kwa mahitaji ya nyumba yake. Anayeleta hisa tu, wala hanunui hata kiberiti, anatafuta kitu kingine.

MAMBO YA KUANGALIA

Kura inaweza kuwa sawa katika karatasi, na watu wakanyimwa papo hapo. Angalieni haya:

1. Saa za mkutano. Mkutano mkuu ukiitishwa saa za kazi, wa zamu hiyo hawana kura. Pale penye zamu tatu, au kambi zilizo mbali, ni afadhali kila zamu na kila kambi ichague wajumbe wake kwa hesabu ya wanachama.

2. Vibarua wa msimu. Aliyelipa hisa yake ni mwanachama kamili. Asiambiwe angoje mpaka aandikwe kazi ya kudumu.

3. Akina mama. Mara nyingi mke ndiye anayenunua, lakini hisa imeandikwa jina la mume. Mke naye awe na hisa yake na kura yake.

4. Kura ya siri. Ikiwa nyapara anaangalia mikono inayoinuliwa, wengi watainua wa kwake. Katika uchaguzi wa halmashauri, tumieni karatasi na sanduku.

5. Kupigiana kura. Mtu mmoja asije na barua za wenzake ishirini mfukoni. Asiyekuja awakilishwe na mjumbe aliyechaguliwa na zamu au kambi yake.

Vyama vya msingi vikiungana, hesabu inaweza kuwa nyingine. Chama cha watu 2,000 kinaweza kupewa wajumbe wengi kuliko cha watu 100. Hata hivyo, wanahesabiwa watu, wala si shilingi.

Ndugu, kabla ya mkutano mkuu ujao, mwombeni katibu awasomee masharti ya chama chenu, hasa kifungu cha kura. Kama kuna mtu anataka kukibadilisha, mwulizeni faida itagawanywaje baadaye. Jibu lake litawaonyesha anatafuta nini.