Mwache Ashike Kijiko Mwenyewe
Mzazi, ikiwa mwanao ana mtindio wa ubongo na kila mlo ni vita, usimlaze chali wala kumziba pua ili ameze uji. Chakula kikiingia mapafuni huweza kumletea nimonia. Akipaliwa kila mara, mwone daktari kwanza.

Mketishe wima, kichwa kikiinama mbele kidogo, miguu ikikanyaga kitu imara. Uji uwe mzito, maana ule mwepesi hukimbilia kooni upesi. Zungushia mpini wa kijiko kitambaa ili unenepe, ashike vyema. Uongoze mkono wake hadi karibu na mdomo, kisha mwachie amalizie. Akizoea, mwachie mapema zaidi. Atachafua sakafu, bila shaka. Tandika gazeti, hata hili ukishalisoma.