Uzamili wa sayansi: nchi jirani zafungua milango, fedha bado kikwazo

Mhitimu wa uhandisi wa Burundi anayetaka shahada ya uzamili halazimiki tena kuwaza Ulaya kwanza. Nchi jirani zimeanzisha taasisi zilizokusudiwa hasa wanafunzi wa ngazi hiyo.

Mwaka 2011, Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela ilianza kupokea wanafunzi mjini Arusha. Haikuanzishwa kwa ajili ya shahada ya kwanza, bali kwa uzamili na uzamivu. Nchini Kenya, Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta huko Juja ni mwenyeji wa tawi la sayansi la Chuo Kikuu cha Umoja wa Afrika, ambalo hupokea wanafunzi kutoka nchi zote wanachama. Kigali nako kuna tawi la Carnegie Mellon ya Marekani.

Msukumo mkubwa zaidi ulikuja mwaka 2016, Benki ya Dunia ilipoidhinisha mradi wa vituo 24 vya umahiri katika nchi nane za Afrika Mashariki na Kusini. Tanzania, Rwanda na Uganda zilipata vinne kila moja, Burundi haikuwamo. Sehemu ya fedha ilitolewa kulingana na matokeo yaliyothibitishwa, ikiwemo idadi ya wanafunzi waliosajiliwa, wanawake na wageni wakihesabiwa. Ndiyo maana kituo kilicho Kigali au Morogoro kilikuwa na sababu ya kumtafuta mwanafunzi wa Bujumbura.

Lakini kusajiliwa si kuhitimu. Utafiti wa maabara hula kemikali, vipuri na umeme, na mfadhili akiondoka, tasnifu inaweza kukwama huku ada ikiendelea kudaiwa. Madhara hayamfiki mwanafunzi peke yake: bila wahitimu wa uzamivu, vyuo hukosa wahadhiri wa kuwafundisha wanaokuja nyuma.

Kwa Warundi, lugha ni mtihani mwingine, kwani waliosoma kwa Kifaransa hulazimika kuandika tasnifu kwa Kiingereza.

Kuhusu ada, marais wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walitangaza mwaka 2017 eneo la pamoja la elimu ya juu, kwa lengo la kurahisisha kutambuliana kwa vyeti na kuhama kwa wanafunzi. Hata hivyo tangazo si risiti ya ada. Anayetuma maombi aulize mapema mambo mawili: atatozwa kama mwenyeji au kama mgeni, na nani atakayelipia maabara katika mwaka wa mwisho.