Mkimbiaji Mwembamba na Sindano ya Misuli

Malipo ya korosho yakianza kuingia, vijana wa Lukuledi hukumbuka miili yao. Nina duka la dawa muhimu hapa, kando ya barabara ya Masasi kwenda Nachingwea, na msimu haupiti bila kijana kuinama kaunta na kuninong'oneza: "Shikamoo mama. Ile sindano ya kutunisha unayo?" Sina, na kibali cha duka langu hakiniruhusu kuiuza. Ila simfukuzi. Namkalisha kwenye benchi nimweleze anachokitafuta.

Wengi husema "steroidi" kana kwamba ni dawa moja, kumbe ni makundi zaidi ya moja. Prednisoloni, anayopewa mgonjwa wa pumu, hutuliza uvimbe. Haijengi misuli, na ikitumiwa muda mrefu huila. Kundi lingine huiga testosteroni, homoni inayompa mwanamume ndevu, sauti nzito na misuli. Humo ndimo ilimo nandroloni, dawa ambayo madaktari wameitumia kwa wagonjwa wa figo waliopungukiwa damu. Imechanganywa na mafuta. Hudungwa kwenye msuli, kisha huingia katika damu kidogo kidogo.

Vijana hudhani ni ya wanyanyua vyuma tu. Hapo huwatajia Mathew Kisorio, Mkenya aliyekimbia nusu marathoni mjini Philadelphia mwaka 2011 kwa dakika 58 na sekunde 46. Mwaka uliofuata, mkojo wake uliochukuliwa kwenye mashindano ya taifa jijini Nairobi ulikutwa na norandrosteroni, mabaki ya nandroloni baada ya mwili kuivunja. Alikiri, akafungiwa miaka miwili. Mwaka 2022 Mkenya mwenzake, Mark Kangogo, alishinda mbio za milimani za Sierre-Zinal kule Uswisi. Naye alikutwa na mabaki hayohayo, pamoja na triamsinoloni, ndugu wa prednisoloni. Alipokonywa ushindi, akafungiwa miaka mitatu.

Mtu wa mbio ndefu ana haja gani na dawa ya misuli? Anataka kupona haraka. Aliyekimbia kilomita 30 leo, kesho miguu humgomea. Dawa hii huharakisha kuunga nyuzi za misuli zilizochanika, akarudi barabarani mwenzake angali amelala. Tena huuchochea uboho kutengeneza chembe nyekundu za damu, zile zinazobeba oksijeni. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilizipiga marufuku dawa za namna hii miaka ya 1970, na vipimo vyake vikaanza kwenye michezo ya Montreal mwaka 1976.

Gharama huanza kulipwa na mwili. Ubongo ukiona homoni imejaa, huacha kuzihimiza korodani, kama mkulima mwenye ghala lililofurika asivyoshika jembe. Korodani husinyaa, mbegu za uzazi hupungua, na mwanamume anaweza kuota matiti. Mwanamke huota ndevu, sauti ikawa nzito, na sauti hiyo huenda isirudi tena. Mvulana ambaye bado anakua, mifupa yake hufunga mapema akabaki mfupi. Moyo nao huelemewa. Watumiaji wakichangia sindano jimu, wanaweza kuambukizana VVU na homa ya ini.

"Na nikiacha wiki mbili kabla ya mbio, mama?" Yale mafuta huendelea kuvuja, na maabara inaweza kuyaona mabaki miezi mingi baadaye. Wapo wanaosingizia kitimoto. Ni kweli nguruwe dume asiyehasiwa ana nandroloni ya asili, na Shelby Houlihan, mkimbiaji wa Marekani, alijitetea hivyo. Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo haikukubali. Mwaka 2021 akafungiwa miaka minne.

Kisorio alisimulia kwamba daktari ndiye aliyempa dawa hiyo, lakini adhabu ilikuwa yake. Kanuni ya michezo ni hiyo: kilichomo mwilini mwako ni chako, awe nani aliyekupa. Kwa hiyo mwanariadha akiingia zahanati au dukani kwangu, aanze kwa kusema kuwa yeye hupimwa. Aulize jina la dawa kabla kichupa hakijafunguliwa, aliandike. Ikiwa ugonjwa hauna dawa nyingine, aombe kibali maalumu cha tiba. Mwenye mkojo ndiye mwenye kesi.