Kustaafu: Mume na mke wapange mapema shughuli za kila mmoja

KWA miaka mingi, ndoa nyingi katika Nyeri na miji mingine iliyo chini ya Mlima Kenya zimeendeshwa kwa umbali. Mume huajiriwa Nairobi, Nakuru au Mombasa, naye mke hubaki Othaya, Mukurwe-ini au Karatina akichuma majani chai, akipalilia kahawa, akikama ng'ombe na kulea watoto. Wawili hao huonana mwisho wa mwezi, wakati wa Krismasi, na kunapotokea harusi au matanga.

Siku ya kustaafu huugeuza mpango huo ghafla. Mtu aliyezoea kupokewa kama mgeni wa heshima sasa yumo nyumbani kuanzia alfajiri hadi usiku. Huuliza kwa nini maziwa yameuzwa kwa mnunuzi huyu wala si yule, ni nani aliyeamua kibarua alipwe kiasi hicho, na mke anaelekea wapi Alhamisi alasiri. Kwake, hayo ni maswali ya mwenye nyumba. Kwa mke aliyeyaamua peke yake kwa miaka 30, ni sawa na kuwekewa msimamizi mpya uzeeni.

Anapostaafu mke, matata huja kwa njia nyingine. Aliyekuwa mwalimu au muuguzi hurudi nyumbani akatarajiwa kupika mara tatu kwa siku na kuwalea wajukuu, kana kwamba alistaafu kwa ajili ya wengine.

Kipindi hiki si kifupi. Umri wa kustaafu wa watumishi wa umma nchini ulipandishwa kutoka miaka 55 hadi 60 mwaka wa 2009. Hata hivyo, anayetoka kazini akiwa na miaka 60 na afya njema aweza kuishi miaka 20 au zaidi bila mwajiri. Ni muda mrefu mno kwa watu wawili kukaa wakichungana.

Wapo wanaodhani kwamba mume au mke kuwa na shughuli zake mwenyewe ni tabia ya mijini. Mila za Wakikuyu zinashuhudia kinyume. Katika boma la kale, mwanamume alikuwa na thingira, nyumba alimokaa na wageni wake na wanawe wa kiume. Mke alikuwa na nyumba yake, vipande vya shamba alivyogawiwa, na ghala la nafaka alilolisimamia mwenyewe. Jomo Kenyatta aliyaeleza maisha ya boma hilo katika kitabu chake, Facing Mount Kenya, kilichochapishwa mwaka wa 1938. Boma lilikuwa moja, lakini kila mtu alikuwa na mahali pake na madaraka yake.

Mwaka huo huo, Nyeri ilimpokea mmoja wa wastaafu mashuhuri zaidi katika historia yake. Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa chama cha skauti, alihamia na mkewe Olave katika nyumba ndogo waliyoiita Paxtu, kwenye uwanja wa hoteli ya Outspan. Mume alikuwa na umri wa miaka 81, na mke 49. Baden-Powell, ambaye afya yake ilikuwa imedhoofika, alichora wanyama na ndege na kuandika vitabu. Olave aliendelea kuwa kiongozi mkuu wa Girl Guides duniani, wadhifa aliokuwa nao tangu mwaka wa 1930.

Mume alifariki Januari 8, 1941. Olave aliishi miaka 36 zaidi akiwa na wadhifa huo, na alipofariki mwaka wa 1977, majivu yake yaliletwa Nyeri yakazikwa katika kaburi la mumewe. Uwezo wao haukuwa wa mkulima wa kawaida, lakini funzo ni la wote. Katika kila ndoa, kuna atakayetangulia na kuna atakayebaki. Anayebaki akiwa na kazi yake na marafiki zake haachwi mikono mitupu.

Kwa hivyo, ni heri mazungumzo yaanze mwaka mmoja au miwili kabla ya siku ya kustaafu. La kwanza ni wakati. Wawili hao waweza kuandika juma lao lote: siku za kazi ya pamoja shambani, siku ya ibada, na siku ambazo kila mmoja yuko huru. Mke asiache mikutano ya chama chake, Woman's Guild au Mothers' Union kwa sababu mume amerudi. Naye mume atafute kazi iliyo yake, kama vile kufuga nyuki, kuotesha miche ya miti, kuimba katika kwaya au kuhudumu katika kamati ya maji, badala ya kunyakua ile ambayo mkewe anaijua kumshinda.

La pili ni fedha. Katika mfumo wa zamani wa pensheni ya serikali, mstaafu huweza kubadilisha robo ya pensheni yake iwe malipo ya mkupuo, na robo tatu zilizobaki hulipwa kila mwezi. Malipo hayo ya mkupuo ndiyo huzua ugomvi mwingi, hasa yanapoishia katika ploti au gari ambalo mwenzi hakulijua. Njia nyepesi ni kuwa na mifuko mitatu: mmoja wa nyumba, mmoja wa mume na mmoja wa mke. Mfuko wa nyumba hutolewa hesabu mbele ya wote wawili. Ile miwili, hata ikiwa midogo, haiulizwi maswali.

La tatu ni mali. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka wa 2013 inahesabu kazi za nyumbani, malezi ya watoto na kazi ya shambani kuwa mchango katika mali ya ndoa. Mali hiyo haiwezi kuuzwa, kukodishwa wala kuwekwa rehani bila idhini ya wenzi wote wawili. Ardhi ya urithi kwa kawaida haimo katika mali ya ndoa, lakini mwenzi aliyeiboresha hupata haki inayolingana na mchango wake. Aidha, sheria hiyo inamruhusu kila mmoja kuwa na mali yake binafsi. Mke aliyepanda kahawa kwenye shamba la baba mkwe wake, kwa mfano, hana sababu ya kuona haya kutaja jasho lake.

Hata hivyo, uhuru huu si usiri. Anayetoka aseme anakokwenda na saa ya kurudi, kwa kuwa presha na kisukari havibishi hodi. Kila mmoja ajue dawa anazotumia mwenzake, akaunti alizo nazo na mahali hatimiliki ilipowekwa.

Mpango ukishaandikwa, ujaribiwe kwa miezi mitatu, kisha wawili hao waketi tena waurekebishe. Mume anayerudi Othaya baada ya miaka 30 aweza kuanza kwa swali moja jepesi: kabla sijaja, siku yako ilikuwaje, na ungependa nini kibaki kama kilivyokuwa?